Shaba Ipi?

Mkwe wangu hanibishii. Sisemi hivi kwa kumsifu. Mtu anayebisha unajua pa kumshikia. Mtazozana, mmoja atashinda, mwingine atanuna siku mbili, maisha yataendelea. Huyu wa kwangu nikimwambia jambo anainamisha kichwa kidogo, anakunja mikono mbele ya tumbo, anasema, "Ndiyo, mama." Kisha anaingia ofisini kwake, anafunga mlango wa kioo, na kufanya kile kile alichokusudia tangu asubuhi.

Nyumbani naweza kuvumilia. Ndiyo adabu ya mkwe, na binti yangu anaishi naye vizuri. Tatizo ni kwamba ndiye bosi wangu pia. Mimi ni mkerezaji. Mwaka huu ni wa kumi na tisa nimesimama kwenye mashine ya kukerezea vyuma, katika karakana ya kampuni inayosambaza maziwa. Yeye ni mhandisi, aliletwa mwaka juzi kusimamia karakana nzima, na siku ya kwanza aliponikuta nimevaa ovaroli nyuma ya mashine alishtuka kama amenifumania bafuni. Tangu siku hiyo hajui anipe amri namna gani. Akitaka nimkatie pini ya breki anasema, "Mama, kama una nafasi, na kama haitakuwa usumbufu..." Nafasi gani! Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Halafu kuna mdogo wangu. Ni fundi wa magari hapo hapo karakana. Kwa kuwa ni mjomba wa mke wake, mkwe alimwita Mjomba tangu alipofika, na wenzetu wote wakadakia. Sasa hata mlinzi wa getini anamwita Mjomba, ingawa amemzidi umri. Kazi yake yote iko chini ya gari. Gari linapandishwa kwenye lifti, yeye anasimama chini yake, tochi mdomoni, shingo kaikunja, kutwa nzima. Ni huyu huyu niliyekuwa nikimbeba mgongoni mama akienda kazini.

Lifti yenyewe ni ya zamani, ya nguzo mbili. Ndani ya kila nguzo mna parafujo ndefu ya chuma, nene kama mkono wa mtu, inayozungushwa na mota yake. Kwenye parafujo hiyo mna nati, na nati ndiyo inayobeba mikono inayoshika gari. Parafujo ikizunguka, nati inapanda na gari linapanda. Kwa hiyo gari la tani mbili na nusu likiwa hewani, limeshikiliwa na nati mbili tu, kila moja ukubwa wa kikombe cha chai. Kilikuwepo kifaa cha kuzima mota zote mbili upande mmoja ukichelewa, lakini kilikufa kabla sijaajiriwa, na kila bosi aliahidi kukitengeneza.

Nati hizo nilikuwa nazitengeneza kwa shaba ya njano. Baada ya miaka miwili hivi meno yake yanakuwa yamelika, natengeneza nyingine. Huo si ubovu, ndivyo zilivyokusudiwa. Shaba ikisuguana na chuma inakubali kulika yenyewe, taratibu, na unga wake wa njano unajitokeza kwenye grisi. Mjomba akiona unga umezidi ananiita, "Dada, njoo uone, zimeanza." Tunapima, tunabadilisha, basi. Miaka yote hiyo hakuna aliyepata hata mchubuko.

Sasa mkwe akaona kwamba kubadilisha nati kunasimamisha lifti siku mbili. Siku mbili kila baada ya miaka miwili! Akakaa na kompyuta yake wiki nzima, akatoka na karatasi iliyopigwa chapa vizuri, kichwa chake kikiwa "Ulinganisho wa Sifa za Shaba na Chuma cha Ujenzi". Chuma cha ujenzi, yaani kile cha nguzo na mapaa ya maghala. Tulikuwa na mabaki yake nyuma ya stoo. Mwisho wa karatasi aliandika kwamba nati mpya zitengenezwe kwa chuma hicho, kwa kuwa kina nguvu karibu mara mbili ya shaba na hakiliki upesi. Aliniwekea nakala juu ya mashine nilipokwenda chooni. Hakutaka kunipa mkononi.

Niliisoma nimesimama. Kulikuwa na jedwali: upande huu shaba, upande huu chuma. Nguvu ya kuvutwa hadi kukatika: shaba mia mbili na kumi, chuma mia nne. Nikaona jambo. Joto la kuyeyuka la shaba aliandika elfu moja na themanini na tano. Nimekaa na wayeyushaji, najua shaba ya njano haifiki huko, inayeyuka mapema zaidi. Elfu moja na themanini na tano ni shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, laini, unaweza kuikunja kwa mikono. Mhandisi mzima alikuwa amelinganisha chuma na waya wa taa!

Sitasema uongo, nilifurahi. Nilivuka karakana huku natabasamu, karatasi mkononi, nikagonga kioo chake.

"Mkwe, nina swali dogo. Hapa umeandika shaba. Shaba ipi?"

Akasimama haraka. "Shaba, mama. Hii ya kwetu."

"Ya kwetu ni ya njano. Hii uliyoiandika ni nyekundu. Zote tunaziita shaba, lakini si kitu kimoja. Ya njano imechanganywa na zinki. Angalia hilo joto lako la kuyeyuka."

Akaangalia. Akaangalia tena kwenye kompyuta. Masikio yakabadilika rangi, nami nikamwonea huruma kidogo, kwa sababu kosa lenyewe angeweza kulifanya yeyote anayesema lugha yetu. Neno moja, madini mawili.

"Ndiyo, mama. Umesema kweli kabisa. Asante sana, mama. Nitarekebisha."

Nikarudi kwenye mashine kifua mbele. Nikamwambia mtunza stoo kwamba yale mabaki ya chuma ayaache yapate kutu kwa amani.

Baada ya saa moja ile karatasi ilikuwa juu ya mashine yangu tena. Safari hii nilikuwa nimekwenda kuchukua mafuta ya kupozea. Amerekebisha: shaba ya njano, mia tatu na arobaini, chuma cha ujenzi, mia nne. Kupinda chini ya mzigo: shaba inapinda mara mbili ya chuma. Joto la kuyeyuka, limesahihishwa. Na chini, kwa herufi nene: chuma bado kinafaa zaidi. Kisha mstari wa kumshukuru mama mkerezaji kwa mchango wake wa kitaalamu.

Nilitamani kumeza ile karatasi. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemsaidia kunyoosha hesabu ambayo haikuwa tatizo lenyewe! Kila alichoandika kilikuwa kweli. Chuma kina nguvu kuliko shaba, nani asiyejua? Alikuwa amepima shaba peke yake na chuma peke yake, kimoja kimoja, kana kwamba vitakaa kabatini. Hakujiuliza vikikutana vitafanyana nini. Parafujo ni ya chuma. Ukiivalisha nati ya chuma laini kama kile, ukaitwisha mzigo, ikawa inazunguka kutwa, vinapata joto, vinang'atana. Ni kama mawifi wawili kwenye jiko moja: kila mmoja peke yake ni mtu mwema.

Nilimrudia. Nikamweleza yote haya taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza kwa makini, mikono mbele ya tumbo.

"Ndiyo, mama. Tutaongeza grisi."

"Grisi haitoshi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo tunaacha?"

"Nitalitazama, mama."

Kesho yake vipande viwili vya chuma vilikuwa mezani kwangu vimekatwa tayari, na fomu ya kazi yenye sahihi yake na mhuri.

Jioni hiyo nilikwenda kwa binti yangu. Nilimkuta anakunja nguo za watoto kitandani. Nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Nikasema kesho napeleka fomu kwa meneja mkuu, na Mjomba nitamwambia asisogelee lifti ile hata kwa bahati mbaya.

Binti yangu alishika shati dogo, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mama, hii ni kazi yake ya kwanza ya ukubwa," alisema. "Ukimpeleka kwa meneja, watasema hata mama mkwe wake hamwamini. Na ukimwambia mjomba, mjomba hana siri, itakuwa imefika getini kabla ya chai. Wewe utakuwa umemaliza hasira zako. Mimi ndiye nitakayekaa naye humu ndani."

"Na nati zikikwama?"

"Si umesema wewe ndiye unayezitengeneza? Zitengeneze vizuri."

Nilipaswa kumjibu. Nilikuwa na majibu hata ya kugawa. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho aliyokuwa nayo tangu mdogo, ya kuomba asichapwe, na mimi nikamaliza chai yangu, nikaondoka.

Nikazikereza. Sijawahi kukereza nati nzuri kama zile, na sijawahi kuchukia kazi ya mikono yangu namna ile. Nilizifunga mwenyewe na mkwe wiki ambayo Mjomba alikuwa likizo. Nati zinakaa ndani ya nguzo, huzioni mpaka ufungue kifuniko na kuondoa grisi. Mjomba aliporudi akaniuliza kama tumebadilisha, nikasema ndiyo. Hakuuliza ni za shaba au za nini, kwa sababu miaka kumi na tisa hakukuwa na sababu ya kuuliza. Nami sikumwambia.

Miezi minne ikapita. Nikawa mtu wa ajabu. Lifti ikipanda, nasimamisha mashine nisikilize. Kila nikipita naweka kiganja kwenye nguzo kuona kama ina joto. Mtunza stoo akaanza kunitania kwamba naipapasa lifti kama ng'ombe wa maziwa, ndiyo maana tuko kampuni hii. Mkwe naye kila mwezi alifungua kifuniko, akamulika tochi, akaniita kwa furaha.

"Angalia, mama. Grisi safi. Hakuna unga wa njano hata chembe."

"Utautoa wapi unga wa njano kwenye chuma? Unga wa chuma ni mweusi. Grisi nayo ni nyeusi."

"Ndiyo, mama," akasema, akafunga kifuniko.

Ulipoingia mwezi wa tano tangu tuzifunge, Jumanne, saa nne asubuhi, lifti ililia. Si kelele kubwa; ni mlio mwembamba, wa sekunde tatu, gari la maziwa likiwa linafika juu. Mjomba hakujali, akaingia chini na spana zake kufungua bomba la moshi. Mimi niliacha mashine ikizunguka bure. Nilichukua sumaku ninayookotea vipande vya chuma, nikafungua kifuniko cha nguzo ya kushoto, nikachota grisi kwa kidole, nikaisogezea sumaku. Grisi ikarukia sumaku. Ikasimama nywele, inametameta.

Nikaenda ofisini na ile sumaku.

"Mkwe, nati inakula parafujo. Mtoe Mjomba chini ya gari, zima lifti."

Aliitazama sumaku. Alikuwa na mtu kwenye simu, akafunika simu kwa kiganja.

"Ndiyo, mama. Nikimaliza hapa nakuja kuitazama."

Ndiyo, mama! Hapo maji yalinifika shingoni. Sikubamiza mlango, maana ni wa kioo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lifti.

"Mjomba, toka kidogo, nakuomba unishikie kitu kwenye mashine."

Akatoka, anajifuta mikono. Nikachukua kigoda chake cha kukalia, nikaingia chini ya gari, nikakiweka katikati ya nguzo mbili, nikakaa. Juu ya kichwa changu kulikuwa na gari zima na tope la barabara zote. Nikaita kwa sauti ambayo sijaitumia tangu watoto wangu walipokuwa wadogo.

"Mhandisi! Mhandisi, njoo!"

Sijawahi kumwita hivyo. Akatoka mbio, simu bado mkononi. Mafundi wengine wakaacha kazi. Mtunza stoo akatoa kichwa dirishani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekaa. Swichi ile pale. Shusha gari kidogo, kisha lipandishe. Chuma mia nne, shaba mia tatu na arobaini. Umeandika mwenyewe. Bonyeza."

"Mama, tafadhali, toka kwanza."

"Kwa nini nitoke? Pana nini?"

Akatazama nguzo ya kushoto. Akatazama sumaku niliyoiweka magotini. Kwa desturi yake akaanza kuinamisha kichwa, mikono ikaanza kutafuta tumbo, na nikajua kwamba akisema ndiyo mama mara moja zaidi nitalia mbele ya karakana nzima.

"Bonyeza, baba," nikasema. "Mimi ni mama yako, nakuagiza."

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Hapana, mama! Sibonyezi! Haiko salama, toka!" Alipiga kelele. Mkwe wangu, mbele ya watu, alinipigia kelele mpaka sauti ikapasuka. "Toka sasa hivi!"

Nikatoka. Mjomba akanishika mkono. Mkwe akawasogeza watu wote hadi ukutani, akahesabu vichwa, kisha akasimama mbali kadiri waya wa swichi ulivyofika, akabonyeza kushusha. Upande wa kulia ukashuka. Wa kushoto haukushuka. Mota ya kushoto ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua, na nati ikabaki pale pale, imeshikana na parafujo kana kwamba ni kitu kimoja. Gari likainama. Kisanduku cha spana cha Mjomba, kilichokuwa sakafuni pale alipokuwa amesimama, kikapigwa na bomba la moshi lililoning'inia. Mkwe akaachia swichi. Gari likabaki limelala upande hewani, linayumba.

Ilituchukua hadi mchana kulitegemeza kwa magogo na jeki, na kulishusha. Mkwe alifanya kazi na sisi, shati jeupe likawa jeusi. Alipomaliza alikuja mbele yangu, nikadhani anakuja kuomba radhi, nikawa tayari kuikataa.

"Mama," alisema, "ningejua nitakukosea adabu namna ile, ningeacha kazi kwanza."

Adabu! Hicho ndicho kilichokuwa kinamuuma. Nilimwambia aende akaagize shaba, ya njano, aandike rangi, na kifaa cha kuzima mota pia. Akasema ndiyo, na safari hii alikwenda akapiga simu mlango ukiwa wazi, nikasikia kila neno.

Nikabaki na Mjomba. Alikuwa amekaa juu ya tairi, ile nati ya kushoto mkononi, tuliyokuwa tumeikata kwa msumeno ili itoke. Anaigeuza geuza. Meno yake yalikuwa yamesagika, rangi ya kijivu tupu.

"Hii ni chuma," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi kila Jumatatu nilikuwa naangalia grisi, dada. Nikiona hamna njano, naingia chini nikiwa sina wasiwasi."

Niliokota msumeno, nikaanza kuufuta.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipozikereza."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya barabara. Hakukasirika. Afadhali angekasirika; hasira naijua, ningeipokea. Aliiweka ile nati juu ya tairi, akasimama, akaokota kisanduku chake kilichobonyea.

"Mkwe alikuonea aibu wewe," alisema. "Hilo naweza kulielewa. Wewe ulimwonea aibu nani?"

Nilifungua mdomo nimtaje binti yangu, na shati lile dogo, nikaufunga. Mdogo wangu akaenda kunawa mikono.